Collins, Drake au Heathkit: Cha Kulinganisha Kabla ya Kununua Redio ya Zamani

Wanaoanza kukusanya redio za ridhaa za zamani, yaani mitambo ya watu wanaowasiliana kwa redio kwa kujifurahisha, huniuliza ipi ni bora kati ya Collins KWM-2, jozi ya Drake R-4C (ya kupokea) na T-4XC (ya kurusha), na Heathkit HW-101. Huwajibu kwamba umaarufu wa jina hausaidii sana. Cha kulinganisha kwanza ni kile kitakachokuwa kigumu kupatikana siku kitakapoharibika.

Anza na valvu za mwisho za kurushia, yaani mirija ya kioo inayokuza mawimbi kabla hayajaenda kwenye antena. KWM-2, iliyotoka mwaka 1959, na HW-101 zote hutumia jozi ya 6146, valvu iliyobuniwa kwa kazi hiyo hasa na ambayo bado hupatikana. T-4XC hutumia jozi ya 6JB6A, valvu zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni. Televisheni za aina hiyo hazitengenezwi tena, akiba inazidi kupungua, na valvu hizo mbili ni lazima zilingane kwa utendaji. Muuzaji wa Drake mwulize habari za valvu za akiba kabla ya kumwuliza bei.

Hata hivyo, kwa kusikiliza kila siku, mimi huipendelea R-4C. Kila hatua ya swichi yake ya bendi (kundi la masafa ya redio) hufungua kilohezi 500, kwa hiyo bendi yote ya mita 20, yaani megahezi 14.0 hadi 14.35, huipitia kwa kuzungusha gurudumu la masafa tu, ilhali KWM-2 huikata katika vipande vya kilohezi 200. Tena R-4C ina nafasi za kristali za ziada, vipande vinavyoiongezea masafa mapya, jambo la thamani kubwa kwa sababu bendi za megahezi 10, 18 na 24 ziliidhinishwa mwaka 1979, wakati mitambo yote hii ilikwishabuniwa. Kwa ulaini wa gurudumu na utulivu wa masafa, lakini, sijaona ya kuipita Collins.

HW-101 iliuzwa ikiwa vipande, mnunuzi akaiunga mwenyewe, hivyo ubora wake ni ubora wa mikono ya aliyeiunga. Mimi huigeuza na kukagua viungo vya lehemu chini ya chesisi kabla sijajali uzuri wa kasha.

Yoyote utakayoichagua, usiichomeke moja kwa moja kwenye umeme. Badilisha kwanza kapasita kuukuu za sehemu ya kugawa umeme, kisha pandisha volti polepole kwa transfoma ya kurekebishia, ile ambayo volti zake huongezwa au kupunguzwa kwa kuzungusha kitasa. Valvu za mwisho za KWM-2 hupokea takriban volti 800, na kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya kuzimwa. Zipime kwa mita kabla ya kuingiza mkono.