Nimemfuata mume wangu Dodoma, sasa ni mwezi wa nane sina kazi

Mwanangu,

Unaniambia kwamba kwa miaka saba ulikuwa mtunza hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi jijini Mwanza, na kwamba mumeo, ambaye ni mtumishi wa umma, alipohamishiwa Dodoma uliacha kazi ukamfuata. Sasa ni mwezi wa nane mnaishi Ilazo, maombi yote uliyotuma hayajajibiwa, na mumeo anakusihi utulie nyumbani kwa kuwa mshahara wake unatosha, ilhali wewe unaona haya kumwomba hata fedha ya vocha. Zaidi ya hayo, kuna bwana mmoja anayedai kwamba anao mtu wizarani, na kwamba kwa shilingi laki moja na nusu atakushikia nafasi ya uhasibu kabla haijatangazwa. Unaniuliza umpe au usimpe.

Usimpe. Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa wazi na Sekretarieti ya Ajira, maombi hupokelewa kwa njia ya mtandao kupitia Ajira Portal, na mwombaji halipi hata shilingi moja. Anayekutaka umtumie fedha kwa simu anauza kitu asicho nacho, na katika mji uliopokea wageni wengi tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko, watu wa namna yake hawakosi wa kuwasikiliza, kwa sababu mgeni hana wa kumuuliza kama anayoambiwa ni kweli.

Ugeni huo huo ndio unaokuzuilia kazi. Ujuzi wako umehama nawe; waliobaki Mwanza ni watu wanaoweza kukusemea. Kule, tajiri yako alijua kwamba ukishafunga hesabu za jioni yeye anaweza kwenda kulala. Dodoma barua yako inamfikia mtu asiyekujua, pamoja na barua za wahitimu wengi wenye vyeti kama vyako, naye hana sababu ya kuitoa yako katika lundo hilo. Ndiyo maana nakushauri upunguze kutuma maombi na utumie muda huo kutafuta watu wa kukusemea.

Anzia kwa tajiri yako wa zamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi wanapoachana, kwa hiyo kama hukupewa, kiombe bila woga. Mwombe pia barua fupi inayoeleza kazi ulizofanya, iwe na namba yake ya simu, na umweleze kwamba huenda akapigiwa. Muulize vilevile kuhusu mawakala wa saruji na mabati wanaozunguka mikoani, maana hao huingia dukani hadi stoo, na wanajua ni mfanyabiashara gani ambaye mauzo yake ni makubwa lakini vitabu vyake vimemshinda. Neno moja la wakala kama huyo linaweza kukufikisha mahali ambapo barua yako haijafika kwa miezi minane.

Kisha tazama mji wenyewe. Nzuguni, Iyumbu, na njia nzima ya Ihumwa kuelekea Mji wa Serikali wa Mtumba, watu wanajenga, na palipo na ujenzi pana maduka ya nondo, bati na rangi. Wewe unayafahamu maduka hayo kwa ndani: mwenye mali anauza mwenyewe tangu asubuhi, risiti za EFD, ile mashine ya kutolea risiti za kodi, zinajaa kwenye mfuko wa nailoni, malipo ya lipa namba yanachanganyika na fedha za nyumbani, na daftari la stoo halijalinganishwa na mauzo tangu nani ajuaye. Aliyesajiliwa kwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, anatakiwa kuwasilisha ritani, ile taarifa ya kodi, ya mwezi uliopita kabla tarehe 20 haijapita, hivyo katika wiki ya pili ya mwezi fujo hiyo huanza kumsumbua. Mwendee wakati huo, saa ambayo magari hayapakii mzigo. Usimuulize kama kuna kazi, kwa kuwa swali hilo hujibiwa «hakuna» hata kabla hujalimaliza. Mweleze kwamba umetunza hesabu za duka kama lake kwa miaka saba, na kwamba unaweza kumlinganishia stoo na risiti za mwezi mmoja ili aone mali yake inapotelea wapi.

Kabla ya hapo, nenda ukajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa wenu. Duka linalomkabidhi mtu fedha huweza kutaka wadhamini na barua ya serikali ya mtaa, na ni vigumu kuandikiwa barua nzuri na mtu anayekuona kwa mara ya kwanza siku unapoihitaji.

Kuhusu mumeo, sioni ubaya katika maneno yake, naona hajaelewa. Yeye alihamia Dodoma akiwa na ofisi, wenzake na cheo, na wewe ukahamia bila hata kimoja. Mweleze hivyo, kwa upole, jioni ambayo hana haraka. Usimwambie kwamba mshahara wake ni mdogo, kwa sababu siyo hoja yako. Mwombe mambo mawili tu: fedha ya nauli na vocha iwekwe katika bajeti ya nyumba kila mwezi ili usiwe unaomba, na awaulize wenzake kazini wanaojenga wananunua wapi vifaa.

Nakutahadharisha jambo moja zaidi. Tajiri akikubali, huenda akasema uanze kwa majaribio na mengine mtazungumza baadaye. Kubali majaribio, lakini siku hiyo hiyo mwandikishane ni ya muda gani, utalipwa kiasi gani katika muda huo, na mkataba wa ajira utaanza lini, pamoja na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ukimpa namba yako ya uanachama ile ile uliyokuwa nayo Mwanza.