Gavana akibanduliwa na wawakilishi wadi, Seneti ya Kenya hufanya nini?

Bunge la kaunti limemtimua gavana wetu. Mbona bado yuko ofisini?
Kura ya wawakilishi wadi ni mashtaka tu. Hukumu iko mikononi mwa Seneti. Spika wa kaunti ana siku 2 za kumwarifu Spika wa Seneti, naye ana siku 7 za kuitisha kikao. Muda wote huo gavana anaendelea na kazi.

Mashtaka yakisikilizwa na kamati maalumu au na Seneti nzima, kuna tofauti?
Kubwa sana. Kamati huwa na maseneta 11 na siku 10 za kuchunguza. Ikisema mashtaka hayajathibitishwa, kesi inafia hapo na maseneta wengine hawapigi kura. Anne Waiguru wa Kirinyaga alinusurika hivyo mwaka 2020. Ndiyo maana mvutano mkali huanza kwenye uamuzi wa njia ipi ifuatwe, ushahidi ukiwa bado haujasikizwa.

Hoja hukwama wapi?
Kwenye hesabu, tena hesabu rahisi. Zinahitajika thuluthi mbili za wawakilishi wote, si za waliohudhuria. Kericho mwaka 2024, wawakilishi 31 kati ya 47 walipiga kura ya kumwondoa Gavana Erick Mutai. Thuluthi mbili za 47 ni 31.33, na kwa kuwa hakuna thuluthi ya mtu, zilitakiwa kura 32. Seneti iliitupa hoja bila kuufikia ushahidi. Pia kuna mashtaka ya jumla jumla: pesa zimepotea, sawa, lakini gavana mwenyewe aliidhinisha nini, lini?

Mbona idadi ya kura za Gachagua, aliyekuwa Naibu Rais, ilikuwa tofauti?
Kesi ya gavana hupigiwa kura na ujumbe wa kaunti: kaunti 47, kura 47, na 24 zikiunga mkono shtaka lolote moja, amekwenda. Kwa Rais au naibu wake kila seneta hupiga kura yake, wateule wakiwemo: 45 kati ya 67. Rigathi Gachagua aliondolewa tarehe 17 Oktoba 2024 kwa mashtaka 5 kati ya 11.

Seneti huwapiga msasa mawaziri?
La. Hiyo ni Marekani. Hapa mawaziri na Jaji Mkuu huidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Inspekta Jenerali wa Polisi ndiye anayehitaji idhini ya mabunge yote mawili.

Gavana akinusurika, anaweza kushtakiwa tena?
Ndiyo. Kwa mashtaka yale yale, baada ya miezi 3. Kawira Mwangaza wa Meru alifikishwa Seneti mara 3 kati ya 2022 na 2024.