Masika yakinifungia ndani, mimi nashika reli

Mhariri, swali lenu la wiki mmeuliza hivi: wenzetu wa Ulaya na Marekani theluji ikiwazuia kutoka wanajifungia na treni zao za modeli, yaani treni ndogo za kuunda nyumbani, je sisi wa Dar mvua ikitufungia ndani tunafanya nini? Basi mimi ni mmoja wa hao hao wa treni, niko Yombo, na masika yakikolea, Jangwani imejaa, mwendokasi zimesimama, bodaboda wamejibanza vibandani, mimi navuta kiti naendelea na modeli yangu ya kipande cha TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kile cha kupanda kutoka Mlimba kwenda Makambako.

Ila siku ya mvua huku siyo siku ya theluji kule, na hapa ndipo wengi wanaoanza hii kitu kwa kuangalia video za nje wanapopotea. Kule baridi ikija wanawasha hita, hewa ya ndani inakuwa kavu kabisa, mbao zinasinyaa. Sisi ni kinyume, Aprili nyumba nzima ina unyevu, chumvi yenyewe kwenye kopo inalowa, na plaiwudi inavimba. Watu wanadhani reli ya modeli inajikunja sababu ya joto, lakini kile kichuma chembamba kinatanuka kidogo sana, kinachosukuma ni mbao iliyo chini yake. Kwa hiyo ubao wako upake rangi au vanishi juu, chini na kwenye kingo zote, tena ufanye hivyo Januari au Februari jua likiwa kali, na kwenye maungio ya reli uache mwanya wa unene wa kadi. Rangi ya kupuliza nayo usiiguse wakati wa mvua, unyevu unaingia kwenye rangi kabla haijakauka inatoka na ukungu mweupe, behewa lote linaharibika sura.

Sasa mvuani unafanya nini? Kulehemu nyaya, kukata madirisha ya mabehewa kwenye manila, kurekebisha magurudumu, kusafisha reli kwa spiriti na kitambaa maana huku kwetu upepo wa bahari unazifanya zishike uchafu haraka na treni inaanza kushtuka shtuka. Na kumwaga kokoto. Hii ndiyo kazi ya gundi pekee ninayoipenda siku za mvua na nitaieleza vizuri kwa sababu ndiyo inayofanya reli ionekane reli.

Kokoto ya modeli ni mchanga tu, tumia wa mto, wa baharini una chumvi. Uoshe, uanike, uchekeche kwa chujio la chai, halafu pitisha sumaku juu yake, hata ile ya spika mbovu inatosha, utaona chembe nyeusi zinarukia sumaku. Hizo ukiziacha zinaingia kwenye mota ya kichwa cha treni na hapo umeimaliza mota. Ukishapata mchanga safi unaumwaga katikati ya mataruma, zile nguzo za kulala zinazobeba reli, kidogo kidogo, unausawazisha kwa brashi laini, unagonga reli taratibu kwa kidole ili chembe zilizopanda juu ya taruma zishuke. Kisha unapulizia maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo, bila ile sabuni gundi inakaa juu kama shanga na kokoto inahama nayo. Ndipo unachukua gundi nyeupe ya seremala, unaichanganya na maji nusu kwa nusu, unaidondosha kwa bomba la sindano bila sindano yake. Kiangazi gundi inakauka juu kabla haijazama. Mvuani inachelewa, inashuka mpaka kwenye ubao, na ukiona mahali kokoto imekaa vibaya bado una muda wa kuigusa. Usiku mzima iache, usiwe na haraka nayo.

Wengine mtauliza kwa nini TAZARA na siyo SGR ambayo ndiyo habari ya mjini. SGR naipenda, kufika Dodoma kwa saa chache ni raha, lakini TAZARA ndiyo ninayoisikia ikipita nikiwa kitandani, na ile reli ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, madaraja zaidi ya 300, na hicho kipande cha Mlimba na Makambako ndicho kilichowatesa zaidi waliojenga, mahandaki na mabonde tu. Upana wake ni milimita 1,067, siyo mita moja kama Reli ya Kati wala 1,435 kama SGR. Ukijenga kwa kipimo cha 1 kwa 120 unaweza kutumia njia ya milimita 9 inayouzwa kawaida, zidisha mwenyewe utapata 1,080, tofauti ndogo mno kwa macho. Kwa kipimo hicho TAZARA nzima ingekuwa kilomita 15 na nusu, kwa hiyo chagua kipande kimoja ukifanye kwa heshima.

Umeme ukikatika, na mvua ikinyesha utakatika, mimi natumia betri ya bodaboda, volti 12 zinatosha kabisa treni za modeli, lakini weka fyuzi! Kichwa kikitoka njiani kinagusanisha reli mbili na betri ile haina huruma, waya unaweza kuwaka.

Kuna mzee jirani, mstaafu wa reli, mvua ikimvunjia kijiwe anakuja kwangu na mwavuli wake. Haangalii treni kwanza, anainama mpaka jicho linakuwa usawa wa reli anakagua kona kama upande wa nje umeinuliwa kidogo. Siku moja akaweka kidole kwenye tuta langu akaniuliza, "Mwanangu, maji ya hapa yanapita wapi?" Nikamwambia mzee wangu bado sijafika huko. Akasema tuta lisilo na kalavati halifiki Mei. Na kweli ukifikiria, adui mkubwa wa reli nchi hii ni maji, mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 kule Kilosa yalikata Reli ya Kati treni zikasimama kwa miezi, na TAZARA yenyewe udongo unaporomoka huko huko milimani.

Kwa hiyo masika haya kazi yangu ni makalavati, nakata mirija ya juisi, naipaka saruji iliyolainishwa, naichomeka chini ya tuta kila bonde linapokutana na njia, mzee anasimamia. Na kama kuna msomaji ana picha za stesheni ya Mlimba za miaka ya 80, hasa upande wa yadi na tangi la maji, naomba atume kwa mhariri, yadi ndiyo inayofuata na sitaki kuibuni.