Kabla hujajilipua, nisikilize

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako nimeupata, na ile video nimeitazama hadi mwisho. Unauliza kama ni kweli huku Ujerumani mtu akijilipua, yaani akaomba ukimbizi kwa kusema yeye ni shoga au transjenda, makaratasi yanatoka ndani ya wiki mbili. Unauliza pia kama yule Muirani anayepigiwa makofi na ukumbi mzima ndiye yule dada niliyepiga naye picha kazini, wote tumevaa vizibao vya kung'aa. Halafu umemalizia kwamba kama yeye kafika jukwaani kwa kusimulia shida zake, hata wewe shida unazo.

Ndiye. Na shida unazo, sikubishii. Lakini nimekasirika, na hasira yangu ni kwa huyo rafiki yako wa kijiweni anayewagawia watu maneno asiyoyajua. Mwambie dada yako kasema aache.

Baridi unaijua, kodi ya nyumba nimeshakueleza, upweke umeusikia kwa kila aliyewahi kurudi likizo. Hayo nayaruka. Nataka tuzungumze makaratasi, maana huko mnadhani ni foleni: unapanga, unafika dirishani, unapewa. Kwa mtu kama yule, makaratasi yanatolewa baada ya watu wasiomjua kuupima uchungu wake na kuamua kama unatosha.

Nilimfahamu kwenye ghala la vifurushi, zamu ya usiku. Ndiyo, tunabeba maboksi. Huyo unayemwona na maiki mkononi, saa nane ya usiku anakuwa upande wa pili wa mkanda, anapanga katoni za viatu ndani ya kreti la magurudumu. Ni transjenda: ni mwanamke, ingawa alipozaliwa huko Iran aliandikwa mvulana. Anatengeneza filamu fupi kuhusu maisha yake mwenyewe: utoto, kipigo, hospitali, safari. Siku ya pili baada ya yale makofi alikuwa zamu, na mimi nilikuwa naye.

Najua swali linalokuwasha sasa, kwa sababu hata mimi nilimuuliza. Iran si wanaruhusu kubadili jinsia? Wanaruhusu. Ayatollah Khomeini mwenyewe, kiongozi mkuu wa Iran wakati ule, alitoa fatwa miaka ya 1980, baada ya mwanamke mmoja, Maryam Khatoon Molkara, kumwandikia barua na hatimaye kumfuata mpaka nyumbani kwake. Tangu hapo upasuaji unatambuliwa, kibali kinatolewa, vitambulisho vinabadilishwa. Afisa wa uhamiaji aliyemhoji rafiki yangu huku alilijua hilo vizuri sana. Akamuuliza: kama nchi yako inaruhusu, umekimbia nini?

Hebu litafakari swali hilo ukiwa umekaa mbele ya meza, umevuka nchi kadhaa, na mkalimani, Muirani mwenzako, hataki hata kukutazama usoni.

Alichokimbia ni hiki. Kibali kile kinakwenda na kisu. Unapitia kwa daktari wa akili, unapitia kwa madaktari wa serikali wa mambo ya sheria, unapitia mahakamani, na mwisho wa njia unakatwa ndipo cheti kibadilike. Asiyetaka kukatwa, au anayengoja zamu, hana karatasi inayofanana na sura yake. Polisi akimsimamisha barabarani anamwona mwanamume aliyevaa nguo za kike. Na kwa kuwa mapenzi ya wanaume wawili adhabu yake kwenye sheria ya Iran inafika kifo, wapo waliosukumwa kwenye upasuaji ambao hawakuwa transjenda hata kidogo, walikuwa wanapenda watu wa jinsia yao tu. Ongeza jeshi. Mwanamume wa Iran hapati pasipoti mpaka amalize jeshi au asamehewe. Yeye alisamehewa baada ya kuvuliwa na kukaguliwa na madaktari wa jeshi, akapewa kadi ambayo kila mwajiri aliitaka, na kila aliyejua kuisoma alijua kwa nini huyu hakwenda jeshini. Kazi ikawa haipatikani.

Halafu kuna nyumbani. Khomeini aliruhusu, kaka yake hakuruhusu. Hakuna ofisi yoyote Iran inayokugongea muhuri kuthibitisha kwamba kaka yako alikufungia stoo.

Uturuki ndiko wengi wao wanakoanzia, kwa sababu Muirani anaingia bila viza. Ila Uturuki iliuweka mkataba wa wakimbizi wa 1951 na mpaka wake: mkimbizi kamili ni anayetoka Ulaya. Muirani anapewa ruhusa ya kungoja tu, mpaka nchi nyingine imchukue. Anapangiwa mji, anakwenda kusaini, haruhusiwi kuhama anavyotaka. Yeye alipangiwa Denizli, mji wa viwanda vya nguo, akashona mifuko ya suruali bila kibali huku akiota kupelekwa Marekani. Januari 2017 Trump akasaini amri iliyowafungia Wairani mlango. Septemba 2018 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa likaacha kuwasajili na kuwahoji watu kule, kazi ikaachiwa serikali ya Uturuki. Baada ya hapo akaondoka mwenyewe. Alivyofika Ujerumani sikuandikii, hiyo ni yake na ameiweka kwenye filamu yake ya pili.

Sasa rudi kwenye meza ya afisa. Afisa anataka tarehe. Ulijijua mwezi gani? Kaka yako alikufungia kabla ya mtihani au baada? Mbona mara ya kwanza ulisema majira ya baridi? Mdogo wangu, kiwewe hakikai ndani ya mtu kwa mpangilio wa kalenda. Yeye anakumbuka zulia lilivyokuwa na doa karibu na mlango, anakumbuka harufu ya mafuta ya taa, mwaka haukumbuki. Na pale asipokumbuka, kwenye faili panaandikwa kwamba maelezo yake yanapingana. Alikataliwa. Akakata rufaa, akangoja tena, akiishi chumba kimoja na watu waliokuwa wanamcheka. Hizo ndizo wiki mbili za rafiki yako.

Nitakupa jambo lingine ulijue kabla hujaropoka mbele ya mtu. Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi iliyotoka Uholanzi. Ilisema mwombaji asiulizwe undani wa mambo yake ya kitandani, asipimwe, na hata akileta mwenyewe video ya faraghani kama ushahidi isipokelewe. Ikasema pia asiitwe mwongo kwa sababu tu hakujieleza siku ya kwanza. Uamuzi mzuri, naushukuru. Lakini mmoja wa waombaji wale alikuwa ameshapeleka video. Alikuwa amefikishwa mahali pa kujirekodi ili mtu wa ofisini amwamini. Usiniambie hiyo ni njia rahisi.

Ndiyo maana filamu zake ziko vile zilivyo, na wewe umeangalia makofi tu, filamu hukuitazama. Watu wanaotoa ruzuku za filamu walimtaka aigize kipigo. Walimwambia mtazamaji lazima aone. Akakataa, na hela ya awamu ile ikampita. Alichofanya ni kupiga picha zulia alilolinunua sokoni huku, taratibu, kona hadi kona, huku ukisikia sauti za mama yake alizomtumia kwenye simu: umekula, huko kuna mvua, nimempa jirani mti wako wa ndimu. Habari ya stoo anaisimulia akiwa ameipa kamera mgongo, na miaka inaruka mbele na nyuma kama ilivyomruka mbele ya afisa, ila safari hii hakuna wa kumsahihisha. Mimi ndiye niliyemshikia maiki siku ile. Mikono ilinitetemeka na yeye alikuwa ametulia. Nilipomuuliza kama kusimulia kunamponya, alisema hapana, lakini kwenye filamu yeye ndiye anayeamua wapi pa kukata.

Kwa maoni yangu ni msanii mkubwa, mkubwa kuliko wengi wanaojaziwa kumbi, na ukubwa wake uko kwenye anachokataa kuonyesha. Lakini filamu ikiisha taa zinawashwa, na mtu wa safu ya tatu ananyanyua mkono: umeshafanyiwa upasuaji? Mama yako anakuonaje? Mbele ya watu wote. Anajibu kwa adabu, kwa sababu ukionekana mkali hawakuiti tena. Kisha anapanda treni usiku, na ghalani siku mbili hasemi na mtu.

Huko mmemwona Mohammad Rasoulof, mwongozaji filamu wa Iran aliyehukumiwa kifungo cha miaka minane na viboko, akavuka milima kwa miguu mwaka 2024, na baada ya muda mfupi yuko kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Namheshimu sana. Alitoka akiwa na jina ambalo dunia ya sinema ilikuwa inalijua tayari. Anayetoka bila jina anaanza na jina la faili.

Tuje kwenye kile kitabu chenyewe unachokitamani. Rufaa yake ilikubaliwa, akapewa hati ya kusafiria ya mkimbizi, ya bluu. Ndani imeandikwa inatumika nchi zote isipokuwa Iran. Baba yake alipofariki aliona maziko kwenye simu ya binamu, picha inakatika, na kaka yule yule ndiye aliyekuwa mbele ya jeneza. Anamtumia mama yake hela kwa hawala, maana benki za huku haziipeleki hela Iran kwa sababu ya vikwazo, na mama anawaambia watu ni deni analolipwa na mwanafunzi wake wa zamani. Mwaka 2024, tarehe 1 Novemba, sheria mpya ya Ujerumani ilianza, mtu anabadilisha jina na jinsia kwenye daftari la serikali kwa tamko lake mwenyewe, bila daktari wala mahakama. Yeye amelibadili lake. Siku ile tulipika wali wa zafarani na mimi nikaleta samaki wa nazi, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kwa hiyo usidhani nasema huku hakuna jema. Lipo, na sijui kama angekuwa hai leo asingeondoka.

Lakini wewe ukidanganya ukapewa, kitabu chako kitaandikwa isipokuwa Tanzania. Ukirudi kumzika Bibi, maafisa wa huku wana haki ya kuuliza hatari uliyoikimbia iko wapi, na ulinzi wako unaweza kufutwa. Utaweza? Wewe unayelia ukikosa Idi nyumbani? Na kila anayekwenda pale na hadithi ya kukariri anamwongezea afisa sababu ya kumshuku atakayekaa kiti kile baada yake. Atakayekaa anaweza kuwa mtu kama rafiki yangu. Hilo siwezi kukusaidia, hata kama Baba Mdogo atanuna.

Ukitaka kuja, njoo kwa mlango. Jiandikishe Kijerumani pale Taasisi ya Goethe, Dar es Salaam, jisukume, omba nafasi ya mafunzo ya uuguzi, wazee wa huku hawana wa kuwatunza. Mshahara wa mafunzo unaingia kila mwezi na hakuna anayekuuliza ulivyopigwa. Nitakusomea barua zako zote. Ingawa nikiwa mkweli ningependa ubaki umsaidie Mama Mdogo dukani, kwa sababu mtaji wa kuja huku unatosha kuliongeza lile duka. Ubaki. Lakini Kijerumani jifunze.

Sasa hili lifuatalo lisome ukiwa peke yako.

Kama ulichoandika hakikuwa cha kijiweni. Kama uliuliza kwa mzaha kwa sababu hukuwa na namna nyingine ya kuuliza. Basi yote niliyosema juu ya kubaki nayaondoa. Kifungu cha 154 cha sheria yetu ya makosa ya jinai unakijua, kile cha mapenzi ya "kinyume na maumbile", kinafika kifungo cha maisha, na nakumbuka mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alivyotangaza kikosi cha kuwasaka watu. Usiniandikie tena juu ya hilo, na kwenye grupu la ukoo usiguse kabisa. Futa ule ujumbe wako. Nipigie usiku wa Jumapili, sina zamu, na nakuahidi sitakuuliza tarehe wala sababu. Huyo rafiki yangu naye amesema ukitaka kuongea naye yupo. Kiingereza chake kama changu, mtaelewana.

Na pasipoti ifuatilie, uwe unakuja au huji. Hela yake nitaituma kwa Mama Mdogo mwisho wa mwezi nikishalipwa. Fomu jaza mwenyewe, usimpe mtu wa kijiweni akujazie.