Maswali na Majibu: Uji wa Shetani, Kengele ya Shule na Hazina ya Mjerumani

Tangu nilipoandika juu ya kiwanda cha baruti cha Gretna cha wakati wa vita ya kwanza ya dunia, kule mpakani mwa Scotland na England, barua zimekuja kwa fujo. Nimechagua zenye kichwa na miguu. Wanaouliza hazina ya Mjerumani nimewaweka karibu na mwisho, maana nilitaka kwanza nijibu watu waliosoma.

*Nimekaa Glasgow miaka mingi na Gretna nimepita mara nyingi nikienda kusini. Ninachosikia hapo ni harusi tu. Hicho kiwanda kilikuwa wapi?* — Msomaji, Glasgow

Ulikuwa unapita katikati yake. Kilianzia Mossband, karibu na Longtown upande wa England, kikavuka mpaka na kwenda mpaka Dornock na Eastriggs upande wa Scotland. Ncha hadi ncha ni zaidi ya kilomita 14. Harusi za vijana waliotoroka wazazi ni za kweli, sizikatai, ila zimefunika kila kitu kingine.

Mwanzoni mwa 1915 mizinga ya Waingereza huko Ufaransa iliishiwa makombora. Mwezi Mei gazeti la The Times likalitoa jambo hilo hadharani, serikali ikatikisika, na mwanasiasa Lloyd George akakabidhiwa wizara mpya ya zana za vita. Kilichopungua hakikuwa chuma peke yake. Kombora halitoki mdomoni mwa mzinga bila baruti ya kulisukuma, na baruti yenyewe ilikuwa kodaiti, ile isiyotoa moshi mwingi. Shikeni hapo: kodaiti inasukuma, TNT ndiyo inayopasua kombora likifika. Swali linalofuata limezichanganya.

Ujenzi ulianza Novemba 1915 kwa maelfu ya vibarua, wengi wao kutoka Ireland, na 1916 kiwanda kikaanza kutoa mzigo. Kilipopamba moto kilitoa tani 800 kwa wiki, kuliko viwanda vingine vyote vya kodaiti vya Uingereza vikijumlishwa. Mwaka 1917 walihesabiwa wanawake 11,576 na wanaume 5,066. Mtaalamu aliyekisimamia kitaalamu, Kenneth Quinan, alikuwa Mmarekani aliyechukuliwa kutoka kiwanda cha baruti za migodini cha Somerset West, Afrika Kusini. Wanaodhani ujuzi wa Ulaya wakati huo ulikuwa unatoka Ulaya tu, na walitafakari hilo.

Walipachagua pale kwa sababu njia za reli zilikuwa tayari, maji yapo, ardhi ni tambarare, na Mjerumani yuko upande wa pili wa nchi. Na kama kingelipuka, kingelipuka mbali na wakubwa. Hilo la mwisho ni maneno yangu, lakini tafuteni kiwanda cha baruti kilichojengwa jirani na bunge mnionyeshe.

Ndani ya kiwanda kulikuwa na reli yake, karibu kilomita 200 za njia. Kichwa kimoja cha treni bado kipo kwenye makumbusho ya Eastriggs, kinaitwa Sir James, cha 1917. Kitazameni vizuri: hakina tanuri. Tumbo lake lote ni tangi linalojazwa mvuke kutoka boila iliyosimama mahali pake, kinakwenda na mabehewa mpaka mvuke upungue, kisha kinarudi kujazwa tena. Hakuna kaa la moto, hakuna cheche. Kwenye maeneo ya hatari mfanyakazi alipekuliwa getini: kiberiti, sigara, hata pini ya nywele ni kosa. Kazi hiyo ya upekuzi waliifanya polisi wanawake, nao walikuwa kitu kipya kabisa nchini humo.

*Je, ni kweli wanawake wa Gretna waligeuka rangi ya manjano?* — Wasomaji wengi, sehemu mbalimbali

Hapana! Kila nikigusa viwanda vya vita, swali hili linarudi. Waliogeuka manjano, ngozi na nywele, ni waliofanya kazi na TNT, hasa kwenye viwanda vya kujaza makombora. Waliitwa kanari, yule ndege wa manjano, kwa sababu hiyo, na manjano hayo hayakuwa mchezo, TNT inaharibu ini. Chilwell, karibu na Nottingham, ndicho kiwanda cha namna hiyo, na tarehe 1 Julai 1918 kililipuka kikaua watu 134.

Gretna walikuwa na balaa yao. Mchanganyiko wa nitrogliserini na pamba ya baruti, ndio unaozaa kodaiti, ulivurugwa kwa mikono ndani ya mabeseni makubwa. Mwandishi Arthur Conan Doyle alipotembelea mwaka 1916 aliona wasichana wakiukoroga huku wanacheka, akauita uji wa shetani, na jina likanata mpaka leo. Nitrogliserini hupita kwenye ngozi, inapanua mishipa ya damu, na mtu anapata maumivu ya kichwa ambayo hayasikii dawa. Kwenye viwanda vyote vya namna hiyo inajulikana kwamba mwili huizoea kwa siku chache, ukipumzika unasahau, na siku ya kurudi kazini kichwa kinaanza upya. Ongezeni mivuke ya asidi inayokula meno na etha inayolevya. Kwa hiyo msiwapake manjano wasiyokuwa nayo, walikuwa na ya kwao ya kutosha.

*Ile ajali kubwa ya treni ya Quintinshill ilisababishwa na kiwanda?* — Msomaji, Nakuru

Ajali ilitokea hapo karibu na Gretna tarehe 22 Mei 1915, ujenzi ulianza Novemba. Piga hesabu.

*Nasikia serikali ilinunua baa zote za eneo hilo. Kwa nini isizifunge tu?* — Msomaji, Moshi

Kwa sababu waliopanga hilo walikuwa na akili. Chukua maelfu ya vibarua wenye mishahara mizuri, waondoe kwao, waweke kwenye mabanda, halafu funga baa: kesho yake kila nyuma ya nyumba pana pombe ya kienyeji. Mwaka 1916 serikali ikachukua baa na viwanda vya bia vya Carlisle, Gretna na vitongoji vyake. Meneja akalipwa mshahara ambao haupandi kwa kuuza pombe nyingi, chakula kikaletwa, na kumnunulia mwenzako kinywaji kukapigwa marufuku. Hilo la mwisho kwa Moshi lingeleta maandamano.

Mpango ulikuwa wa dharura ya vita. Ukadumu hadi miaka ya 1970 mwanzoni, zaidi ya nusu karne baada ya baruti ya mwisho. Serikali ikishaonja biashara, haiachi mapema.

*Mzee, shikamoo. Naomba unitajie vipimo vya kuchanganya hiyo kodaiti, ni kwa ajili ya elimu tu.* — Msomaji asiyetaja alipo

Marahaba. Sitaji.

*Kiwanda kikubwa hivyo, kwa nini hawakukihifadhi chote kikawa makumbusho?* — Msomaji, Muscat

Kwa sababu vita ilipokwisha kilikuwa gharama isiyo na kazi. Mitambo na ardhi vilipigwa mnada miaka ya 1920, na kuelekea vita ya pili jeshi likarudi kujenga maghala ya risasi kwenye sehemu ya eneo hilohilo. Majengo mengi yalikuwa ya mbao na bati, ya kukaa kwa muda. Na ardhi iliyonyweshwa asidi na mabaki ya baruti huwezi kuifungulia watoto wa shule wiki inayofuata. Tazama Waltham Abbey, kaskazini mwa London, ambako serikali ilimiliki vinu vya baruti tangu 1787: kazi ilifungwa 1991, na umma haukuruhusiwa kuingia mpaka 2001, baada ya ardhi kusafishwa. Anayetaka kufanya kiwanda cha zamani cha silaha mahali pa utalii aanze na mkemia, mchora mabango atamkuta baadaye.

Lakini usiseme hakikuhifadhiwa. Waliojenga kiwanda walijenga pia miji miwili, Gretna na Eastriggs, chini ya Raymond Unwin, bingwa wa miji ya bustani. Mabanda ya mbao yameondoka, nyumba za matofali watu wanaishi ndani yake hadi leo. Nyumba yenye mpishi na mtoto na mlango unaofungwa usiku imehifadhiwa kuliko jengo lenye kamba mlangoni. Makumbusho yenyewe yalianzishwa na wanakijiji wa Eastriggs, na kazi yao ninayoiheshimu zaidi ni kukusanya majina: nani alitoka wapi, alifanya kazi kitengo gani, alirudi kwao kufanya nini. Wasichana wengi walitoka kwenye utumishi wa majumbani na viwanda vya samaki na nguo. Bila orodha hizo wangebaki kuwa ile namba 11,576.

Hapa ndipo mnapokuja kunisikia nikirudia wimbo wangu. Nenda Dar es Salaam, Sanamu la Askari, la 1927. Bunduki ipo, buti zipo, na maandishi yanawataja wapagazi kwa jumla. Jina la mpagazi hata mmoja halipo. Katika vita hiyohiyo huku Afrika Mashariki, upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, kwa njaa na kuhara kuliko risasi, na kumbukumbu yao kubwa ni soko la Kariakoo, ambako wengi wanaonunua mitumba hawajui kwamba jina linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi hao. Daftari za malipo zilikuwepo. Mwanafunzi wa historia anayetafuta mada ya utafiti aache kuandika tena juu ya Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa Wajerumani, ametosha.

*Na huku kwetu Mjerumani alikuwa na kiwanda cha silaha?* — Msomaji, Tanga

Kiwanda kama Gretna, hapana. Alikuwa na karakana, na mafundi ambao hawatajwi. Manowari ya Königsberg ilipozamishwa Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi ya milimita 105 ilitolewa majini, ikaburutwa mpaka Dar es Salaam na kutengenezewa magurudumu kwenye karakana za huko. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria. Watu wanapiga picha na mtutu. Gurudumu hawaliangalii.

Wewe wa Tanga unapaswa kuwa unajua habari ya ghuba ya Manza, hapo kaskazini mwenu. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilikimbilia humo ikifukuzwa na manowari ya Waingereza, Hyacinth. Ikapigwa, ikawaka, Waingereza wakaondoka wakidhani kazi imekwisha. Wajerumani wakautoa mzigo majini. Risasi zilikuwa zimelowa chumvi, basi zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, ganda likasuguliwa, zikafungwa tena. Nyingi hazikulia. Kazi hiyo ya vidole kwa risasi lukuki ndiyo kiwanda chetu cha silaha, na hakuna kibao ghubani kinachosema hivyo kwa heshima inayostahili.

Tabora nako, mwaka 1916, karakana ya reli iligeuzwa kiwanda cha fedha. Heller 20 zilipigwa kwa shaba, pamoja na shaba ya maganda ya makombora yaliyokwisha kufyatuliwa, na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke zenye picha ya tembo. Ganda linakwenda vitani na kombora, linarudi kuwa mshahara.

Halafu muelewe jambo moja la sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya 1964, inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1886. Karakana ya vita ya kwanza haimo mpaka waziri aitangaze. Kwa hiyo anayebomoa banda la reli la Mjerumani ajenge fremu za maduka anaweza kuwa hajavunja sheria yoyote. Mimi ningeanzia hapo, kabla ya kuomba fedha za sanamu jipya.

*Tumeona alama ya msalaba kwenye jiwe. Je, ni hazina ya Mjerumani? Na zebaki nyekundu inauzwaje?* — Barua nyingi mno, Kigoma hadi Lindi

Hakuna zebaki nyekundu. Aliyekuuzia ramani angekuwa na uhakika angechimba mwenyewe. Alama za mawe mara nyingi ni za wapima ardhi. Jeshi lililokuwa likikausha risasi zilizolowa na kuchonga sarafu za maganda halikuwa na dhahabu ya kuzika kila kilima.

Kilichozikwa kweli ni makombora, na hayo hayajui kwamba vita imekwisha. Kodaiti ya zamani inaharibika yenyewe, fyuzi inaliwa na kutu, na mtu anayekata chuma kwa gesi apate kilo mbili za kuuza kwenye vyuma chakavu anaondoka na watoto wa jirani. Waliokuwepo Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, mabomu ya jeshi yalipolipuka, hawahitaji kuelezwa, na yale yalikuwa ghalani, chini ya uangalizi.

*Shule yetu ya msingi inatumia ganda refu la shaba kama kengele, wazee wanasema ni la vita ya Mjerumani. Mnunuzi wa vyuma amefika bei. Tuuze?* — Mwalimu, Mahenge

Usiuze, mwalimu, na kwa sasa usiligonge. Waite polisi walete mtaalamu wa jeshi alikague, hasa tundu la katikati ya kitako, ahakikishe kiwashio kimekwisha kazi na ndani hamna kitu. Likiwa salama, safisha kitako kwa kitambaa na maji tu, bila msasa. Utakuta pamegongwa alama za kiwanda, mara nyingi na mwezi na mwaka. Piga picha, andika nani alilileta shuleni na mwaka gani, muulize mzee aliye hai kabla ya kumuuliza mwanahistoria. Kisha nitumie. Kengele ya muda tafuteni ringi ya gari.