Saa ya kompyuta mahali penye mtandao wa kusuasua

Kompyuta ya duka la dawa kule Kongwa au Bahi, mkoani Dodoma, ikiwaka na tarehe ya miaka kumi nyuma, kivinjari hukataa kufungua tovuti hata kama bando lipo, maana vyeti vya usalama vya tovuti hizo vinaonekana bado havijaanza kutumika. Usihangaike na modemu. Angalia kwanza betri ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), ile inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa: CR2032, bapa kama sarafu, volti 3. Zima mashine, chomoa waya, itoe betri uipime. Ikisoma chini ya volti 2.8, weka mpya. Betri ikifa, kila umeme unapokatika utaanza upya, na hakuna programu ya kukuokoa.

Kompyuta ikipishana na saa halisi kwa muda wa saa tatu kamili, kosa ni eneo la saa: weka Africa/Dar_es_Salaam. Ikipishana kwa muda wa saa sita kamili, kuna mtu aliiweka kwa mkono, akaandika saa mbili asubuhi kama 2:00 badala ya 8:00. Hili hutokea sana.

Kinachobaki ni saa kukimbia au kuchelewa kidogokidogo. Saa ya kompyuta huendeshwa na fuwele ya kwatzi, nayo hubadilika na joto. Mchana wa Oktoba Dodoma si sawa na alfajiri ya Julai. Kosa la sehemu 20 kwa milioni ni la kawaida kabisa, nalo ni sekunde 1.7 kwa siku, karibu sekunde 52 kwa mwezi. Wengi hudhani dawa ni kuuliza saa mtandaoni kila mara. Dawa hasa ni mashine kuijua tabia ya saa yake, ili mtandao ukipotea siku tatu ijirekebishe yenyewe. Kwenye Linux, chrony, programu ya kurekebisha saa, hufanya hivyo vizuri kuliko programu nyingine. Fungua /etc/chrony/chrony.conf, uwe na mistari hii:

pool africa.pool.ntp.org iburst offline maxdelay 0.5
driftfile /var/lib/chrony/chrony.drift
makestep 1 3
rtcsync

Mstari wa driftfile ndio moyo wa kazi: hapo ndipo kiasi cha kukimbia au kuchelewa kinapohifadhiwa, hata mashine ikizimwa. Rtcsync hupeleka saa sahihi kwenye saa ya mazabodi. Makestep huruhusu saa kurukishwa ikiwa imepishana zaidi ya sekunde 1, lakini katika marekebisho matatu ya mwanzo tu. Usiiachie irukeruke wakati wote, kwani saa ikirudi nyuma, kumbukumbu za mauzo huvurugika.

Neno offline huizuia chrony kuuliza saa hadi uiruhusu; kwa hiyo mtandao ukirudi, andika chronyc online, kisha chronyc burst 4/8 (majibu mazuri 4, kwa majaribio yasiyozidi 8). Ujumbe mmoja wa saa una baiti 48, kwa hiyo bando si kisingizio. Ila usifanye hivyo huku mtu anapakua video. Hesabu ya NTP, itifaki ya kuuliza saa mtandaoni, huchukulia kwamba ujumbe umetumia muda uleule kwenda na kurudi. Njia ya kurudi ikisongamana peke yake, nusu ya tofauti hiyo inaingia kwenye saa yako kama kosa. Maxdelay 0.5 hutupa majibu yaliyochukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Kama laini yako ni nzito na majibu yote yanatupwa, weka 1.

Halafu andika chronyc tracking. Tazama mstari wa Skew, yaani kadirio la kosa lililobaki katika kuijua tabia ya saa: ukishuka chini ya 1 ppm (sehemu moja kwa milioni) na joto la chumba lisibadilike sana, wiki nzima bila mtandao itakugharimu takriban sekunde 0.6.