Louvre au Orsay? Tunajibu maswali yenu

Nina siku moja tu Paris. Niende makumbusho ya Louvre au ya Orsay?

Orsay. Najua ukirudi utaulizwa kama umemwona Mona Lisa, ile picha maarufu iliyoko Louvre, na swali hilo ndilo linalowajaza watu Louvre. Lakini Louvre ilikuwa kasri la wafalme, kazi zinazoonyeshwa ni kama 35,000, na nusu ya siku yako itaishia kuuliza njia. Orsay ilikuwa stesheni ya treni, iliyojengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka 1900, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986. Saa kubwa ya abiria bado imetundikwa ukutani, na ukisimama chini yake unaona ukumbi mzima hadi mwisho.

Panda ghorofa ya tano mapema kwa wachoraji akina Monet na Renoir. Kisha mtafute Van Gogh. Ile picha yake ya usiku kando ya mto Rhône, ya 1888, kama haijaazimwa kwingine, isogelee: mwanga wa taa juu ya maji ni mistari minene ya rangi ya njano, imepakwa kama kwa haraka. Rudi hatua nne, na mistari ileile inageuka mto.

Mimi bila Mona Lisa sirudi nyumbani. Nifanyeje?

Nenda, ila usitarajie ukubwa. Ni ubao wa sentimita 77 kwa 53, uko nyuma ya kioo, na mbele yake kuna msitu wa simu. Ukishapiga picha yako, geuka. Ukuta wa mkabala una Harusi ya Kana ya mchoraji Veronese, upana karibu mita 10, na wengi wameipa mgongo. Kwangu mimi, hiyo ndiyo picha ya chumba kile.

Tunafika Jumanne. Unashauri nini?

Louvre hufungwa Jumanne, kwa hiyo mmeshaamuliwa. Orsay hufungwa Jumatatu. Alhamisi hukaa wazi hadi saa 4 kasoro robo usiku.

Mume wangu anataka mambo ya kale ya Misri, mimi nataka picha. Tutagombana?

Gawaneni. Yeye Louvre, wewe Orsay; katikati kuna bustani ya Tuileries na daraja la waenda kwa miguu lenye jina la Léopold Sédar Senghor, yule mshairi aliyekuwa rais wa kwanza wa Senegal. Kutaneni hapo juu saa 11 jioni, na atakayechelewa anunue chakula.